Flashi Moja ya Nakuam

Mjini Isiolo ukisimama sokoni ukaita Noor, wanaume saba watageuka na wa nane atajifanya hakusikia. Ndiyo maana watu wa malori hawaandiki jina tupu kwenye simu. Okota simu ya mwenye lori yeyote utakuta Noor Pancha, Noor Majani, Ado Ngozi, Njeru Miraa, Yattani Mbuzi Oldonyiro, Ganya Jicho Moja. Hakuna anayemkusudia mwenziwe ubaya. Jicho moja ni jicho moja, na Ganya mwenyewe ukimpigia atakuuliza kama umemtafuta yeye au yule Ganya wa saruji.

Kwa kuandika majina, Ubah aliwashinda wote. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na moja, mwenye malori mawili na ulimi usiochoka, na simu yake ilibeba majina mia tisa na ushee. Kila jina lilikuwa na kazi ya mtu, kijiji chake, na pengine tabia yake, mbaya kwa nzuri. Desturi hiyo alifundishwa na marehemu mumewe, Hersi. Babake Hersi aliwahi kuendesha lori kabla barabara ya Marsabit haijajua lami, na neno alilomwachia mwanawe ni kwamba simu ya mtu wa safari lazima isomeke na mgeni. Hersi alipenda kulirudia akicheka: "Andika jina hivi kwamba hata mimi nikifia njiani, atakayeokota simu ajue ampigie nani."

Alifia njiani. Miaka minne sasa. Alikuwa akitoka Korbesa na mbuzi, na kilomita chache kabla ya kufika Ngaremara vijana wenye bunduki wakatokea kichakani wakamwamuru asimame. Hersi hakuwa mtu wa kuamriwa. Alikanyaga mafuta, risasi zikapita mlangoni, na lori likaenda kusimama lenyewe karibu na vibanda vya Ngaremara, kioo kimejaa vumbi na yeye amelala juu ya usukani.

Watu waliposikia milio walikimbia upande mmoja. Mwanamke mmoja alikimbia upande wa pili, kuelekea kwenye lori. Huyo ndiye Nakuam, Mturkana mchoma makaa aliyekuwa akiuza magunia yake kando ya lami. Alimshusha Hersi, akakaa naye chini, akampakata kichwa, akaitoa simu mfukoni mwake. Kusoma hakujua. Akamwita shemeji yake Lopeyok, mwenye kibanda cha kuchajia simu, na Lopeyok akashuka na majina moja baada ya jingine mpaka akafika kwenye Mama Fartun Nyumbani. Hivyo ndivyo Ubah, mamake Fartun, alivyopata habari, kwa sauti ya mwanamke asiyemjua, yenye Kiswahili cha kuokoteza: "Mama Fartun, bwana yako iko hapa na mimi. Kuja haraka."

Alipofika, Hersi alikuwa amekwisha kukata roho na uso wake umefunikwa kwa shuka la Nakuam. Baada ya arobaini Ubah alilifua lile shuka, akalikunja, akalirudisha Ngaremara pamoja na sukari na majani ya chai. Hapo ndipo urafiki wao ulipoanza. Haukuwa urafiki wa kutembeleana sana, maana macho ya watu ni mengi, lakini Ubah hakuwa na rafiki mwingine ambaye angemkimbilia mtu wake hivyo.

Siku hiyo ya shuka Nakuam alimwambia jambo. Wale vijana wa barabarani hawakuwa wa kabila moja. Walikuwamo Waturkana, Waborana, Wasomali, hata mmoja wa kutoka Meru, na mifugo waliyoiba ilikuwa na mnunuzi mjini ambaye kila mtu alimjua na hakuna aliyemtaja. Wawili kati yao Nakuam aliwabeba mgongoni walipokuwa watoto. Siku za kazi yao walikuwa wakija kukaa kwenye benchi la Lopeyok tangu asubuhi na mifuko yao mirefu, wakivuta sigara bila haraka. Akiwaona na ile mifuko, alisema, atamjulisha.

Kuongea kwenye simu pale kijijini ni sawa na kuongea mkutanoni, tena kredo hakuwa nayo. Wakaelewana kwa flashi. Simu ya Ubah ikilia mara moja ikakatwa, lori lisipite. Ikilia mara mbili, njia ni nyeupe. Hapakuwa na salamu wala meseji. Katika miaka minne flashi moja ilikuja mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja Ubah alimpigia dereva wake akamwambia alaze gari Archers, mji wa kabla ya Ngaremara, mpaka kesho. Dereva huyo alikuwa Abshir, mtoto wa kakake, kijana mwenye subira aliyemwita edo kama Wasomali wanavyomwita shangazi. Alipouliza sababu aliambiwa edo yake ameota ndoto mbaya. Basi Isiolo nzima ikaamini kwamba mjane wa Hersi ana ndoto. Wenye malori wengine na mafundi wao walikuwa wakipita nyumbani kwake asubuhi kuulizia amelalaje.

Siri hiyo Ubah hakumwambia hata bintiye. Lakini mafundisho ya Hersi yalikuwa yamemkaa. Je, akifa yeye? Simu itashikwa na Abshir, na Abshir akiona flashi kutoka kwa mtu anayeitwa Nakuam tu ataipuuza, atasema ni wa makaa. Kwa hiyo siku moja Ubah alivaa miwani, akakaa kitandani, akaandika kwa uangalifu: Nakuam Ngaremara Anaonya Wezi. Akalisoma mara mbili. Akaona amefanya jambo la maana, na ukweli ni kwamba alilifanya kwa upendo. Hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia.

Mwaka huu, baada ya Idi, simu za watu wasiojulikana zilimchosha. Leo mtu anajifanya mteja kutoka Nairobi, kesho mwingine anadai lori la Ubah limekamatwa kwenye kizuizi cha polisi. Mchuuzi mmoja wa mbuzi akamwonyesha programu iitwayo Mjue Mpigaji. Mtu akikupigia, hata kama hujamhifadhi, jina lake linatokea kwenye kioo. Ubah aliipenda hapo hapo. Aliipakua akiwa uwanjani pa malori, akibishana na Mmeru mmoja kuhusu fahali aliyedaiwa kuwa hana kilema na huku anachechemea mbele ya macho yao. Simu ikauliza: Je, unaruhusu Mjue Mpigaji kufikia majina yako? Ruhusu. Kataa.

Kwa Ubah swali hilo lilikuwa kama mtu anayebisha hodi, na nyumbani kwao mgeni hafukuziwi mlangoni. Akabonyeza Ruhusu. Ikauliza tena kuhusu simu zilizopigwa. Ruhusu. Ikauliza la tatu ambalo hakulisoma kabisa. Ruhusu, kisha akamgeukia Mmeru akamwonyesha mguu wa fahali. Mgeni akaingia, akachukua majina yote mia tisa na ushee, akatoka, na mwenye nyumba hakusikia hata mlango.

Wiki mbili alifurahi. Alikuwa akipokea simu za matapeli akiwaita kwa majina yao, akicheka mpaka akajifuta machozi.

Alhamisi ya wiki ya tatu, kama saa nane mchana, Noor Pancha aliingia uwanjani uso umemvimba. Noor alikuwa mziba magurudumu, mzee wa makamo, mtu wa swala tano, asiyejua kuficha hasira. Hata hivyo salamu alitoa, salaam aleikum, akaitikiwa. Kisha akaitoa simu yake akamwekea Ubah mbele ya macho. Ilikuwa ile programu, na nambari ilikuwa ya Noor mwenyewe, na jina lililokuwa juu yake lilikuwa Noor Pancha Mwongo.

Ubah alicheka. Alilikumbuka jina hilo, aliliandika mwaka juzi siku Noor alipomwahidi gurudumu saa mbili akaleta saa kumi. Akamwomba radhi, akasema ni utani wa mwanamke aliyechelewa safari, atalifuta sasa hivi. Lakini Noor hakuwa amekuja kwa ajili ya utani. Wateja wa Marsabit walikuwa wakimpigia wakimcheka. Na kulikuwa na jambo moja hakulielewa.

"Mama Fartun, hii uliandika kwa simu yako," alisema. "Sasa mimi nimeionaje kwa yangu?"

Kicheko kikamwishia Ubah mdomoni. Alimwangalia Noor, akaiangalia simu. Akamwomba aandike nambari nyingine pale. Akamtajia tarakimu moja moja, pole pole, akitumaini kwamba atakosea. Noor akabonyeza kutafuta. Kioo kikazungusha duara kidogo, kikaandika: Nakuam Ngaremara Anaonya Wezi.

Noor alilisoma jina hilo. Hasira ilimtoka usoni ikaingia hofu. Alikuwa mmoja wa waliowahi kuuliza mjane amelalaje.

"Kumbe hizo ndoto zako ziko na namba," alisema kwa sauti ya chini.

Ubah alimshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanamume asiye wa kwao, akamwapisha asiseme. Noor akaapa. Lakini wote wawili walijua kwamba kiapo cha Noor ni cha mtu mmoja tu. Programu ile ilikuwa kwenye simu za vijana wote kutoka Isiolo mpaka Moyale. Siku yoyote Nakuam akimpigia yeyote kati yao, au mmoja wao akiandika nambari yake kwa kudadisi, mambo yameisha.

Wakaenda kwa Stephen, fundi wa simu mwenye kibanda karibu na soko. Stephen alikuwa kijana mpole, msomi, na alisikiliza bila kuuliza Nakuam ni nani. Akaitoa ile programu kwenye simu ya Ubah. Akalifuta jina la Nakuam. Wakaangalia kwenye simu ya Noor: bado lipo. Wakangoja, wakaangalia tena. Lipo.

"Mama, majina yalishatoka kwa simu yako," Stephen alieleza. "Sasa yako kwa kompyuta zao huko. Ukifuta hapa unafuta kivuli tu."

Akatafuta akapata ukurasa wa kuomba jina liondolewe. Unaandika nambari hiyo na yako wewe mwombaji, wenye programu wanamtumia mwenye nambari meseji yenye tarakimu za siri, naye anazisoma, mnaziingiza, jina linafutwa. Stephen akauliza kama mwenye nambari anajua kusoma. Ubah akasema hajui, na papo hapo akampigia Nakuam amweleze. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Hilo halikumshangaza. Mchana simu za Ngaremara huzimwa zikalala kwenye kibanda cha Lopeyok, zimepangwa mezani zikinywa umeme wa sola. Jioni wenyewe huzichukua, na wasiojua kusoma husomewa meseji zao na Lopeyok, hiyo ikiwa ni sehemu ya huduma.

Ubah alijua hayo yote. Nataka ieleweke kwamba alijua. Alisema wangoje mpaka jioni. Lakini Abshir alikuwa amekwisha kuondoka Korbesa na shehena ya mbuzi na angekaribia Ngaremara saa kumi na moja, na kila dakika jina lile lilikuwa wazi kama tangazo ukutani. Stephen alimtuliza. Ni tarakimu nne tu, alisema, hata akisomewa na nani hakuna atakachoelewa. Ubah akaona hivyo pia. Meseji iwe imetangulia, jioni amweleze, mambo yaishe leo. Akatikisa kichwa kukubali. Stephen akabonyeza Tuma.

Ukurasa ukabadilika. Ukaandika kwamba mwenye nambari ametumiwa ujumbe ufuatao, na ujumbe wenyewe ukatokea chini yake, mzima: Habari! Kuna ombi la kuondoa jina lako, NAKUAM NGAREMARA ANAONYA WEZI. Kama unakubali, tarakimu zako za siri ni 4417.

Stephen alikiangalia kioo mkono wake ukiwa bado hewani, na Ubah akasikia baridi saa tisa ya mchana wa Isiolo. Alitaka kumpiga yule kijana. Alitaka kujipiga yeye. Kisha akakumbuka kwamba simu ya Nakuam imezimwa. Ikiwa imezimwa, meseji bado inaning'inia hewani haijashuka. Kilichobaki ni yeye kufika mezani pa Lopeyok kabla mtu hajaiwasha.

Noor alikuwa na Probox, gari dogo kuukuu la kubebea magurudumu. Hakuulizwa, aliifungua tu mlango. Waliutoka mji kwa kasi ambayo Noor hakuwahi kuiendesha, magurudumu mabovu yakirukaruka nyuma. Ubah alikuwa akipiga nambari ile bila kupumzika, na kila aliposikia kwamba mteja hapatikani alisema alhamdulillahi. Pengine hakuna mtu aliyewahi kuyashukuru maneno hayo kwa moyo kama yeye siku hiyo. Alipanga atakavyofanya. Ataichukua simu ya Nakuam kwa kisingizio cha kumnunulia mpya. Atamchukua na Nakuam mwenyewe, ampe chumba cha uani, aseme amepata mtu wa kuwapikia madereva. Watu watasema, na waseme.

Safari yote ilikuwa ya dakika ishirini. Walikuwa wamebakiza kama tano simu ya Ubah ilipolia.

Ikalia mara moja. Ikakatwa.

Kioo hakikuonyesha jina, maana lilikuwa limefutwa, ila nambari ile Ubah aliijua kama anavyozijua shanga za tasbihi yake. Kwanza alifurahi. Nakuam anayo simu mkononi, yuko hai. Kisha akaishika simu kwa mikono miwili akangoja ilie mara ya pili. Noor alipunguza mwendo bila kuambiwa. Ubah alihesabu pumzi zake. Alipofika kumi hakuweza kungoja tena, akapiga yeye. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.

Safari hii hakusema alhamdulillahi.

Akampigia Abshir. Alikuwa anaikaribia Archers, akasema barabara iko shwari na mbuzi wametulia. Ubah akamwambia asimamishe gari hapo Archers mbele ya askari, asisogee hata akiambiwa na nani. Abshir alicheka akauliza kama edo yake siku hizi anaota hata mchana. Ubah akakata simu.

Noor alikuwa ameegesha kando. Akasema kwa upole kwamba flashi moja, kama Ubah alivyomweleza njiani, inamaanisha usipite, na kama Nakuam ameituma basi ametaka wasipite. Afadhali warudi mjini, waje na askari. Ubah alikuwa amekwisha kumpigia askari anayemjua, akaambiwa gari moja liko Oldonyiro na jingine halina mafuta, wajaribu kesho asubuhi.

"Hiyo flashi ni ya gari, si yangu," Ubah alisema. "Siku ya Hersi watu wote walikimbia. Nakuam hakukimbia."

Noor akasoma dua fupi, akaliondoa gari.

Ngaremara ilikuwa kimya. Wauza makaa walikuwa wamekaa nyuma ya magunia yao macho chini. Benchi la Lopeyok lilikuwa tupu, vichungi vya sigara vimejaa chini yake, na alama za pikipiki zilikwenda zikapotea kuelekea vichakani. Karibu na barabara tanuri la makaa la Nakuam lilikuwa likifuka, udongo wake umebomolewa upande mmoja, na harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwa imeshika hewa yote.

Lopeyok alikuwa amekaa chini ndani ya kibanda, mgongo kwenye meza ya simu. Alipomwona Ubah hakusimama. Alianza kueleza kabla hajaulizwa, kwa haraka, kama anayetaka kuyatapika yote. Nakuam alikuja mapema kuchukua simu yake, kwa sababu vijana walikuwa wamekaa na mifuko. Akaiwasha. Meseji ikaingia. Akampa asome, kama siku zote.

"Mimi nilisoma tu, mama," Lopeyok alisema. "Kila mtu namsomea. Nilisoma kwa sauti kabla nijue nasoma nini."

Vijana walikuwa kwenye benchi, hatua mbili kutoka hapo. Walisikia. Wakamwambia arudie, naye akasema amekosea, wakamnyang'anya simu wakajisomea. Hawakumpiga Nakuam pale. Walimrudishia simu, wakamwambia ampigie mwenye lori amwambie njia ni nyeupe. Mmoja wa wale aliowabeba mgongoni ndiye aliyesema. Nakuam akawajibu kwamba hana kredo, huwa anaflashi tu, mwenye lori ndiye anayepiga. Akaflashi. Wakasema, basi tungoje apige. Nakuam akasogea kwenye tanuri lake kama anayeutazama moto, akaubomoa udongo kwa mguu, akaitupa simu ndani.

Lopeyok alifunika uso. Walimwondoa hapo, alisema, wakampeleka laga. Watu waliona. Hakuna aliyefuata, na yeye mwenyewe hakufuata, ana watoto sita.

Ubah hakumtukana. Alitafuta hasira ya kumpa akaikosa, yote ilikuwa imemrudia yeye. Akatoka, akaifuata njia ya mbuzi inayoshuka kwenye laga, mto ule usio na maji, viatu vikijaa mchanga. Noor alimfuata kwa mbali akiita jina lake. Hakwenda mbali. Nakuam alikuwa amelala kwenye kivuli cha ukingo, shanga zake zimetawanyika, mkono mmoja mweusi wa makaa. Walitumia rungu, kwa kuwa risasi ingesikika barabarani.

Ubah alikaa mchangani. Akampakata kichwa mapajani, akamfuta damu kwa pindo la nguo yake, akavua mtandio akamfunika uso. Alifanya yote hayo pole pole kwa sababu aliwahi kufanyiwa. Kisha akaitoa simu ili awaite watu wa Nakuam wa damu, si shemeji aliyebaki kibandani tu, maana mtu lazima watu wake waitwe.

Akashuka na majina. Ado Ngozi. Ganya Jicho Moja. Njeru Miraa. Alishuka mpaka mwisho, akaanza tena juu. Watu mia tisa na ushee, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wa Nakuam. Katika miaka minne hakuwahi kumwuliza mamake yuko wapi, au kama ana dada, au mtu akitaka kupiga kwao anapiga nambari ipi. Alikuwa na nambari moja tu yake, ile ya kuonywa, na hiyo nayo aliifuta mchana.

Alikuwa bado anashuka na majina simu ilipotikisika mkononi. Ilikuwa meseji kutoka Mjue Mpigaji. Ilisema mwenye nambari hajathibitisha kuondolewa kwa jina, kwa hiyo jina litabaki. Ikauliza kama angependa atumiwe ujumbe mara nyingine. Chini yake palikuwa na maneno mawili ya kubonyeza, Tuma na Acha.

Ubah alikitazama kioo mpaka kikazima chenyewe.